Kuosha godoro Nairobi: usiulize wanatumia sabuni gani, uliza wanaacha maji kiasi gani

Mwaka jana mwezi wa nane dadangu aliniletea mtoto wake wa miaka 4 akae na mimi likizo, na mtoto ni mtoto, usiku wa tatu akakojoa kitandani, usiku wa tano tena, na mimi nilikuwa nimetandika shiti tu bila kava ya kuzuia maji. Godoro lenyewe ni la sponji nzito, hai densiti, futi 5 kwa 6, inchi 8, nililiwekea akiba miezi mitano. Nikatafuta watu wa kuosha, wakaniambia 2,500, nikatuma nusu kwa M-Pesa, wakafika vijana wawili saa tisa mchana na ndoo, brashi na mashine. Wakapaka povu, wakasugua kwa nguvu, wakapitisha mashine, doa likaisha nikiona kwa macho yangu, nikamalizia pesa yao na nikawapa na soda.

Usiku huo nililala sakafuni. Kesho yake pia. Siku ya tatu nikagusa juu nikaona limekauka, nikatandika, nikalala, asubuhi nikaamka nguo ina unyevu mgongoni na chumba kinanuka kama tambara la jikoni lililosahaulika kwa ndoo. Kutoa shiti, doa limerudi, tena kubwa kuliko la kwanza, na duara la kahawia pembeni. Nikabonyeza kwa ngumi, maji yakatoka. Siku ya tatu!

Nikampigia mwenye kazi akaniambia, "Mama, likipata jua litakauka." Mwezi wa nane Nairobi bado ni baridi na mawingu, mimi niko gorofa ya nne, dirisha la chumba linaangalia ukuta wa jirani. Hilo jua nililitoa wapi?

Tangu nieleze hii maneno nimeandikiwa na watu wengi na karibu wote wanalalamika kitu kimoja, doa lilitoka likarudi. Mmoja wa Donholm aliosha mara mbili na watu tofauti akidhani wa kwanza walitumia sabuni mbaya. Sabuni haikuwa na shida. Shida ni maji. Godoro la sponji likimwagiwa maji mengi, yale maji yanashuka na uchafu hadi katikati, huko ndani ambako mkojo wenyewe ulikuwa umefika zamani, alafu juu kukianza kukauka maji ya ndani yanapanda kidogo kidogo vile mafuta ya taa hupanda kwa utambi wa koroboi, na yakifika juu yanakauka yakiacha uchafu wote pale. Ndio maana doa linarudi na duara. Na kitu kikikaa na unyevu siku moja au mbili kuvu inaweza kuanza, na ukiwa na mtoto wa pumu hapo nyumbani hilo sio jambo la kuchezea.

Kwa hivyo mimi sitakuambia habari ya harufu nzuri ya shampuu wala nani ana yunifomu safi. Napanga hizi njia kwa swali moja, wakiondoka godoro limebaki na maji kiasi gani.

Namba moja, na hapa sifichi upendeleo wangu, ni mashine ya kupulizia na kunyonya, na kwa hizo mimi nataka Kärcher Puzzi, ile ya Wajerumani. Puzzi 10/1 ina tangi mbili, ya maji safi lita 10 na ya maji machafu lita 9, na mdomo wake unapulizia na kunyonya hapo hapo. Nilipata kijana wa South B anayo, akaja saa mbili asubuhi, akapulizia kidogo tu, alafu akaachilia kitufe cha maji akanyonya pale pale kavu mara tatu, mara nne, hadi mashine ikawa haivuti kitu tena. Yale mapito makavu ndio kazi yenyewe, na ndio wengi wanaruka kwa sababu yanakula muda. Alipomaliza nilimwomba anionyeshe tangi la maji machafu. Yalikuwa kama ya chai ya rangi, na yalikuwa karibu sawa na maji aliyotumia. Hio ndio hesabu yako wewe mteja: yameingia kiasi gani, yametoka kiasi gani. Kama ametumia lita tano na zimerudi mbili, basi tatu unaenda kulalia. Godoro langu lilikauka kufikia saa mbili usiku, dirisha wazi, limesimamishwa kwa ubavu na feni ikilipuliza. Nililipa 3,000 na singedai nirudishiwe hata shilingi.

Kuna mashine za kampuni zingine zinafanya kazi hio hio, sikatai, lakini ukiambiwa tu "tuko na mashine" omba picha yake kabla ya kutuma depositi. Wale wangu wa kwanza walikuja na vakyumu ya kawaida ya nyumba, haina nguvu ya kuvuta maji yaliyozama kwa inchi 8 za sponji.

Namba mbili ni wewe mwenyewe, ukiwahi. Naiweka juu ya mafundi wengi wanaolipwa kwa sababu mtu akiosha mahali padogo kwa mkono wake hawezi kumwaga ndoo nzima. Mkojo ukiwa bado mbichi usisugue, weka taulo kavu kisha panda juu yake kwa magoti, badilisha taulo, panda tena, hadi litoke kavu. Alafu nenda kemisti ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kwa chupa nyingine imeandikwa voliumu 10, ni kitu kimoja (ya voliumu 20 ni asilimia 6, usichukue hio). Kikombe kimoja cha hio ya asilimia 3, vijiko vitatu vya bekingi soda, tone moja la sabuni ya vyombo, pulizia doa likae na unyevu tu, sio lilowe, acha likauke kisha ufagie ule unga. Bekingi soda nasema ile ya keki, sio bekingi pauda na sio magadi ya kupikia githeri, kuna mtu aliniambia aliweka magadi. Ukitengeneza tumia yote siku hio hio, usifunge kwa chupa ukaweka kabatini, inatoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Na ujue peroksaidi inapausha rangi, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana.

Damu inaoshwa kwa maji baridi. Baridi kabisa, kwa sababu maji ya moto yanaigandisha kwa kitambaa. Mkojo wa zamani ulioshika harufu unataka ile dawa ya vimeng'enya (enzaimu), wanauza kwa maduka ya vitu vya mbwa na paka, maana mkojo ukikauka unaacha chembe ambazo sabuni ya kawaida haiziyeyushi, na kila hewa ikiwa na unyevu harufu inaamka tena. Na tafadhali, nawaomba, msiweke jiki juu ya mkojo. Hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya sumu, na wewe umeinama hapo juu unasugua na mlango umefungwa ili mtoto asiingie.

Namba tatu ni mvuke. Unasaidia kwa kunguni na wadudu wa vumbi ukipitishwa polepole, na hauachi maji mengi, hio naukubali. Lakini kwa doa la damu au mkojo ni ule moto niliosema, linaingia zaidi. Na kama godoro lako ni la memori fomu soma lebo kwanza, mengi hayataki joto.

Povu na brashi ya 1,000, na kule kupeleka godoro kwa wanaoosha kapeti wakalimwagia paipu: hapana. Hayo maji hayatoki.

Sasa bei. Kitu kinaniudhi ni vile wanakupangia bei kwa saizi, 4 kwa 6 hivi, 6 kwa 6 hivi, alafu wakishafika na depositi yako iko kwao wanaangalia doa wanasema hili ni sugu, ongeza 800. Na nauli. Na ukikaa nje ya Thika Road nauli ni mara mbili. Picha ya doa ulituma kwa WhatsApp jana, waliiona. Na zile picha wanazoweka za kabla na baada, angalia vizuri, ya baada huwa imepigwa godoro likiwa bado limelowa. Langu pia siku ile lingepigwa picha lingeonekana jipya! Mimi nataka picha ya siku ya tatu. Fundi akiahidi kwamba kila doa litatoka muogope, kuna njano ya jasho la miaka ambayo imeshabadilisha rangi ya kitambaa chenyewe na haitoki, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajalipwa.

Kwa hivyo kubaliana bei yote kwa maandishi, lipa salio baada ya kupima. Kupima ni hivi, chukua tishu kavu nyeupe, ikunje, weka pale palipooshwa, panda kwa goti uhesabu hadi kumi. Unyevu kidogo ni sawa. Tishu ikilowa hadi inararuka, mwambie anyonye tena kabla hajafunga waya. Na usikubali mtu aje baada ya saa nne asubuhi, hasa Juni hadi Agosti na wakati wa mvua. Hakikisha tokeni ziko, hio mashine inakula stima na ikikatika katikati umebaki na godoro lililojaa maji.

Kwa dada wa Ruaka aliyeuliza kuhusu godoro la springi, masharti ni hayo hayo ila kali zaidi, kwa sababu maji yakifika kwa springi zinaanza kushika kutu na ile kutu inapanda juu kwa kitambaa, doa jipya ambalo mtoto hakulileta. Mwambie apulizie tabaka la juu tu, na likibaki na harufu baada ya hapo rudia wiki ijayo, usimruhusu aongeze maji siku hio.