Gurudumu la nyuma la inchi 26: la kununua tayari au la kusukwa na fundi?

Katika baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam, gurudumu la nyuma ndilo huchoka mapema, kwa kuwa hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji, hubeba keria na mzigo wake, na juu ya hayo hupokea nguvu yote ya mnyororo. Kwenye baiskeli yangu nimetumia magurudumu mawili tofauti: la bei nafuu lililokuja likiwa limeshasukwa kiwandani (yaani spoku zimeshafungwa kati ya ringi na habu, kitovu cha gurudumu), na lililosukwa na fundi kwa ringi ya Sun Ringlé Rhyno Lite yenye matundu 36, spoku za DT Swiss Champion za milimita 2.0 na habu ya Shimano Deore.

La kwanza lilikuwa zuri kwa macho. Hata hivyo, ukizibana spoku mbili mbili kwa vidole, ulisikia moja imekaza kama waya wa gitaa na jirani yake inapinda bila ubishi. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Spoku kwa kawaida haikatiki kwa kuzidiwa na mzigo wa siku moja. Kila inapopita chini ya gurudumu hulegea kidogo na kukaza tena, na ile iliyofungwa ikiwa imelegea hucheza zaidi, mpaka chuma kichoke na kukatikia kwenye kona inayoingia habuni. Isitoshe, habu yake ilikuwa ya gia zinazofungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi kama za skrubu, ambayo huacha kipande kirefu cha ekseli nje ya beringi upande wa kulia, na mzigo ukizidi, ekseli hupinda. Habu ya Deore ina beringi karibu zaidi na ncha ya ekseli.

Kuhusu ugumu wa gurudumu, yaani kutopinda kwake kwa pembeni, wengi huamini kwamba kuongeza kukaza spoku ndiko kunakolifanya gurudumu lisiyumbe. Sivyo: maadamu hakuna spoku inayolegea kabisa, ugumu hutokana na idadi na unene wa spoku, umbo la ringi, na umbali kati ya sahani mbili za habu zinazoshika spoku. Gia huila nafasi ya upande wa kulia, hivyo spoku za huko husimama wima zaidi na hulazimika kukazwa zaidi kuliko za kushoto. Gurudumu la fundi halikugusa raba za breki hata niliposimama kwenye pedali nikipanda mlima na mzigo. Lile la kwanza liligusa.

Kasoro za gurudumu la fundi ni uzito, na habu ya gololi na koni inayodai grisi mara kwa mara. Pwani, agizeni nati za spoku za shaba nyeupe, si za alumini, kwani chumvi huzigandisha hizo.

Anayeendesha bila mzigo kwenye lami anunue la kiwandani, kisha amlipe fundi alikaze upya kabla ya kulipanda. Mwenye mzigo asukiwe jipya. Anayetaka kuokoa ringi ya zamani ya alumini apitishe kwanza ukucha kwenye ukuta unaobanwa na breki: ukiwa umebonyea kwa ndani, asitie spoku mpya hapo, kwa sababu ukuta uliolika unaweza kupasuka kwa upepo wa tairi.