Daladala kwenye miteremko ya Dar: uzoefu wangu na breki zake

Konda anayesafiri na jiwe mlangoni, na gari likisimama kwenye mwinuko anaruka kulitega tairi, amekwisha kukupa taarifa unayoihitaji: handibreki imekufa. Gari la hivyo mimi silipandi, hata kama abiria kituoni wamefurika mpaka barabarani.

Wengi huiona Dar es Salaam kuwa tambarare mpaka wapande daladala za Goba, Makongo au Kimara. Kwa safari ya kawaida nazipa nyota 3 kati ya 5: zipo alfajiri, zipo usiku, na zinaingia mitaa ambayo mabasi ya mwendokasi hayaifikii. Zikiwa zimeshona watu kwenye mteremko nazipa 1.

Uzito kwanza. Toyota Coaster, yaani basi dogo, ya viti 29 ikibeba watu 20 wa kusimama, tuseme kila mmoja ana kilo 65, imebebeshwa kilo 1,300 za ziada. Mwendo nao una hesabu yake: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 60, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza ili gari lisimame linazidi mara 2. Suka, yaani dereva, anayejua kazi hushuka na gia ileile ambayo angepandia, ya pili au ya tatu, ili injini ilizuie gari. Anayekimbizana na hesabu ya bosi, yaani pesa ya kila siku ya mwenye gari, huweka free, gia isiingie, eti anabana mafuta. Habani chochote. Injini ya dizeli ikisukumwa na gari huku gia imeingia na mguu umeachia mafuta, pampu hukata mafuta. Ikiwa free, inaendelea kunywa ili isizime.

Kuna wanaozima injini kabisa, na hapo ndipo ninaposhuka hata kama kituo changu bado. Breki za Coaster nyingi za zamani husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima, akiba iliyobaki inatosha kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo pedali inagoma kushuka, na usukani nao unakuwa umeshakuwa mzito tangu injini ilipozima.

Ukiwa kwenye kiti unaweza kujua mengi kabla mambo hayajaharibika. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma kila gari linaposimama maana yake lainingi, vile vipande vinavyosugua dramu ya gurudumu ili gari lishike, zimekwisha. Harufu ya kuungua wakati wa kupanda mara nyingi ni klachi. Wakati wa kushuka ni breki. Kikubwa zaidi ni mguu wa suka. Akikanyaga mara mbili tatu ndipo gari lishike, anapampu, na sababu huwa hewa kwenye mabomba, mafuta ya breki yanayovuja, au lainingi zisizokazwa. Mafuta hayo pia hunyonya unyevu yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka chini bila gari kushika.

Ikifika hapo, nafasi ya suka ni kupampu harakaharaka, kuingiza gia ya chini hatua kwa hatua, kisha kutafuta pa kulisugua gari: ukingo, tuta, kichaka. Handibreki ya Coaster nyingi za zamani hushika shafti nyuma ya giaboksi, haishiki magurudumu, kwa hiyo avute kidogo kidogo. Akiikwida ghafla gari likiwa kasini anaweza kuvunja kitu na kupoteza hata hicho.

Abiria hana usukani, ila ana mahali pa kukaa. Mimi huchagua safu ya tatu au ya nne, nyuma ya kiti chenye mgongo imara. Kiti cha mbele kina upepo mzuri na kioo usoni, sikitaki. Viti vya kukunja vya katikati ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa kuwa vikishakaliwa njia ya kutokea imezibwa. Breki zikikatika usikimbilie mlangoni na usiruke. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, inama, lalia mikono yako kwenye mgongo wa kiti kilicho mbele yako. Waliosimama wakae chini. Gari likishatulia, madirisha yanatosha mtu mzima. Asubuhi pale Mbagala watu wanaingilia humohumo na mikoba yao.

Asije mtu akamwagia maji magurudumu yanayofuka moshi, maana dramu yenye moto ikipata baridi ya ghafla inaweza kupasuka. Yaachwe yapoe yenyewe. Baadaye kidogo pedali itarudi na suka atatangaza kuwa gari limepona, mpande twende. Mvuke umegeuka kimiminika tu. Mafuta ni yaleyale na maji yake ndani, na mteremko unaofuata yatachemka tena. Dai nauli yako, panda gari jingine, na namba ya gari, njia na saa uwapelekee LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, au trafiki.