Mwongozo wa kununua kitabu cha kidijitali: muundo upi uanze, upi usubiri

Kwenye maduka ya vitabu vya kidijitali utaona kwanza jalada, bei na nyota za wasomaji. Jinsi kitabu kilivyopangwa huelezwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na bado jambo hilo ndilo litakaloamua kama utakisoma hadi mwisho au utakiacha katika sura ya pili macho yakikuuma.

Mipangilio mikuu ni miwili. Mpangilio nyumbufu huyaacha maandishi yajipange upya kulingana na skrini: ukiongeza ukubwa wa herufi, mistari hukatika mahali pengine na kurasa huongezeka, lakini hakuna neno linalotoka nje ya kioo. Mpangilio usiobadilika huweka kila neno na kila picha mahali pake pa kudumu. Hapo ukitaka herufi kubwa, unalazimika kuuvuta ukurasa wote, kisha kuusogeza kushoto na kulia ili umalize mstari mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama bei, jiulize: je, mahali kitu kilipowekwa kwenye ukurasa ni sehemu ya maana yake? Katika riwaya, wasifu au kitabu cha historia chenye maandishi matupu, jibu ni hapana. Katika kitabu cha picha cha watoto, katuni, atlasi au kitabu cha milinganyo ya hesabu, mara nyingi ni ndiyo.

Kisha chukua rula upime skrini yako. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Kisomaji, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, cha inchi 6 kina upana wa takriban sentimita 9, kwa hiyo ukurasa huo unapungua hadi chini ya nusu, na herufi ya pointi 11 inashuka chini ya pointi 5. Kwenye simu yenye upana wa sentimita 7 inabaki theluthi moja, yaani chini ya pointi 4. Hakuna miwani ya kawaida itakayokufurahisha hapo. Kishikwambi cha inchi 10 au 11 huubeba ukurasa wa A5, yaani nusu ya A4, karibu kwa ukubwa wake halisi, na ndicho kipimo cha chini ambacho ningekishauri kwa mtu anayenunua vitabu vya mpangilio usiobadilika mara kwa mara.

Nafasi ya kwanza: EPUB nyumbufu, hasa isiyo na kufuli

Kwa vitabu vingi ambavyo watu husoma, huu ndio muundo wa kununua. Kufuli ni kinga ya kidijitali (DRM) inayozuia kunakili faili au kuifungua kwenye kifaa kingine. EPUB ni kiwango huria kilichoanza 2007 na kuchukua nafasi ya muundo wa awali, Open eBook. Tangu 2017 kinasimamiwa na W3C, shirika lile lile linaloshughulikia viwango vya wavuti, na toleo la 3.3 liliidhinishwa 2023. Hufunguka kwenye visomaji vya Kobo, kwenye Apple Books, Google Play Books na programu nyingi za simu na kompyuta. Hata Kindle, kisomaji cha Amazon, ambayo haiisomi moja kwa moja, tangu 2022 huipokea kupitia huduma ya Send to Kindle na kuigeuza.

Faida kubwa ni kwa macho. Unachagua fonti, nafasi kati ya mistari, rangi ya mandhari, na unaweza kuiamuru simu ikusomee kwa sauti. Kwa mzee, au kwa mwenye uoni hafifu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma, na inanisikitisha kuona wachapishaji wakiuza riwaya tupu katika kurasa zisizokuzika wakati maandishi yote wanayo tayari. Umoja wa Ulaya umelitilia jambo hili uzito wa kisheria: tangu 28 Juni 2025, vitabu vya kidijitali vinavyouzwa huko vinatakiwa kukidhi masharti ya ufikivu kwa watu wenye ulemavu.

Udhaifu wake huonekana kwenye majedwali mapana, ambayo hubanana au kukatwa, na kwenye milinganyo iliyowekwa kama picha: maneno yanakua, milinganyo inabaki midogo. Ushairi nao hutaka uangalifu, kwa kuwa herufi kubwa huvunja mshororo mrefu katikati. Bado ningenunua diwani katika EPUB nyumbufu na kuilaza simu kwa upana ninaposoma.

Nafasi ya pili: EPUB ya mpangilio usiobadilika

Inunue kwa ajili ya vitabu vya picha vya watoto, katuni, vitabu vya mapishi vyenye picha kubwa na vitabu vya sanaa. Mchoro unaovuka kurasa mbili hubaki mzima, na maneno hukaa pale mchoraji alipoyataka. Baadhi ya vitabu vya watoto huwa na sauti iliyofungamanishwa na maandishi, kila neno likiwaka linapotamkwa. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, hilo lina thamani kubwa.

Ila chunguza jambo moja. Fungua sampuli, kisha bonyeza na ushikilie neno. Likichaguliwa, kitabu kina maandishi ya kweli, nayo yanatafutika na huenda yakasomwa kwa sauti. Lisipochaguliwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeuziwa picha za kurasa, na mtu asiyeona hatapata chochote humo. Vitabu vya katuni vya CBZ ni hivyo kwa asili, kwa sababu CBZ ni faili ya zipu iliyojaa picha. Kwa katuni sioni tatizo, kwa kitabu cha maelezo ningekataa.

Usivinunue vitabu hivi kwa ajili ya kisomaji cha wino wa kielektroniki, yaani chenye skrini inayofanana na karatasi. Skrini zake husasishwa polepole unapovuta ukurasa, na hata zile za rangi zilizotoka karibuni huonyesha rangi zilizofifia, kwa msongamano wa nukta ulio nusu ya ule wa maandishi meusi.

Nafasi ya tatu: PDF

Adobe waliitoa PDF 1993 ili ukurasa uonekane vile vile kwenye kompyuta na printa yoyote, na tangu 2008 ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango. Kwa kitabu cha uhandisi, takwimu au sheria, ambacho utanukuu kwa nambari ya ukurasa au kuchapisha sehemu zake, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza, mradi utaisoma kwenye kompyuta au kishikwambi kikubwa.

Usiinunue kwa matumaini kwamba utaigeuza baadaye kuwa EPUB. PDF nyingi huhifadhi mahali pa kila herufi bila kueleza aya inaanzia wapi. Programu kama Calibre itajitahidi, lakini utakuta vichwa vya kurasa vimeingia katikati ya sentensi, tanbihi zimezagaa na safuwima mbili zimechanganyika.

Nafasi ya nne: miundo ya Kindle

AZW3 na KFX husomeka vizuri sana, na kama tayari una Kindle, kwa riwaya hutapungukiwa kitu. Nimeziweka hapa kwa sababu ya umiliki. Mwaka 2009 Amazon walifuta kwa mbali nakala ambazo wateja walikuwa wamekwisha kuzilipia, na Februari 2025 waliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Hatari hii haiko kwao peke yao: Microsoft walipofunga duka lao la vitabu 2019, vitabu vilivyonunuliwa viliacha kufunguka, ingawa wateja walirudishiwa fedha. EPUB yenye kufuli nayo inaweza kukuponyoka, ndiyo maana nasisitiza isiyo na kufuli inapopatikana. Wachapishaji Tor Books, kwa mfano, wanauza bila kufuli tangu 2012.

Ya mwisho: MOBI ni muundo wa zamani wa Kindle, usiulipie. PDF ya kurasa zilizoskaniwa bila maandishi ndani yake, vivyo hivyo.

Kama hujui macho yako yatapenda nini, pakua kitabu cha bure cha EPUB kutoka Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, kisome jioni moja, kisha ukilinganishe na PDF yoyote uliyonayo. Dukani, tafuta mstari unaotaja muundo. Google Play Books, kwa mfano, huonyesha kama kitabu kina maandishi yanayojipanga, kurasa asilia au vyote viwili, na chenye vyote viwili ndicho cha kuchagua. Sampuli nyingi huishia kwenye dibaji, kabla ya jedwali au mchoro wa kwanza. Kama hivyo ndivyo unavyovitafuta, mwandikie muuzaji akuonyeshe ukurasa mmoja wa ndani, au usome kwanza masharti yake ya kurudisha fedha.