Uzoefu wangu: printa ya leza yenye PostScript na suala la fonti

Printa hii ni ya leza, nyeusi na nyeupe, dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), na ninaitumia kwenye kazi za kuchapa na kutoa kopi hapa Arusha. Kwa herufi ni safi sana: hata pointi 8 inasomeka bila kukodoa macho. Kasoro iko kwenye mpangilio wa draiva (programu inayounganisha kompyuta na printa) inaokuja nao, na usipoujua utailaumu printa bure.

Draiva ya PostScript, lugha ya kuielekeza printa jinsi ya kuchora ukurasa, kwenye Windows huja na jedwali la kubadilisha fonti. Wewe umechagua Arial, printa inachapa Helvetica iliyomo ndani yake. Times New Roman inageuka Times, Courier New inageuka Courier. Mistari haihami, kwa sababu upana wa herufi unalingana, ndiyo maana wengi hawagundui. Chukua karatasi uitazame R kubwa: mguu wa R ya Arial unateremka kwa mshazari, wa Helvetica unashuka karibu wima. Kichwa cha t ya Arial kimekatwa mshazari, cha Helvetica kimenyooka. Mteja aliyeleta barua yenye nembo ya ofisi yake ataiona tofauti hiyo, na ana haki ya kuirudisha.

Dawa yake: ingia Mipangilio ya Windows, chagua printa, fungua sifa za printa, kisha kichupo cha mipangilio ya kifaa. Panua lile jedwali, na mbele ya kila fonti unayoitumia weka isibadilishwe. Halafu kwenye mapendeleo ya kuchapa, chaguzi za ziada, agiza fonti za TrueType (aina ya kawaida ya fonti za Windows) zipakuliwe kwenye printa, tena kama mchoro wa umbo la herufi, siyo kama vidoti. Ukurasa wa kwanza unaweza kuchelewa kidogo, vumilia.

Kazi za Kimaasai zinahitaji uangalifu zaidi. Herufi ɛ, ɔ, ɨ, ʉ na ŋ zikitoka visanduku vitupu, mara nyingi fonti uliyochagua haina maumbo hayo. Sakinisha Charis SIL au Doulos SIL. Zote ni za bure na herufi hizo zimo. Tafadhali usiandike i ya kawaida kisha ukaipitisha mstari wa kukata: maneno yakinakiliwa kwenda faili jingine mstari unapotea, na neno linabaki limekosewa.

Faili za wateja kwenye flashi ni shida nyingine. Word mpya huanza na Aptos. Kompyuta yenye Word ya zamani haina fonti hiyo, inaweka nyingine, na sehemu ya sahihi inarukia ukurasa wa pili. Omba PDF. Akiwa na Word tu, kwenye kompyuta yake aende Faili, Chaguzi, Hifadhi, atie tiki ya kuweka fonti ndani ya faili. PDF ikitoa herufi za vurugu, chapa kama picha kupitia chaguzi za ziada za Acrobat Reader. Inachukua muda, lakini inatoka kama ilivyo kwenye skrini.

Kuokoa tona, yaani mpangilio wa printa wa kupunguza wino wa unga, ninakuzima kwa chochote kilicho chini ya pointi 9, maana kile kistari chembamba cha ndani ya e ya Times kinakatika na e inasomeka kama c. Kwa mitihani ya pointi 12 ninakuacha kumewashwa.