Sikusikia pakiti ikichanwa: chale zangu za Kisumu

Kidonda kilipona zamani. Watu wananisimamisha njiani, hata kwenye tuktuk, wakiniuliza nilichanjiwa wapi, na huwa siwaambii. Leo nitaeleza yaliyonipata, ila jina la studio nitaliacha, kwa sababu jambo ninalowalaumu nalo siwezi kulithibitisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wembe wenyewe.

Ni mahali pa ghorofani hapa Kisumu. Wanachora tatuu, wanatoga masikio na pua, na siku hizi wanachanja chale za urembo kwa anayetaka. Hakuna wino hapo. Ngozi inakatwa, inapona, na kovu ndilo pambo. Najua wengi wakisikia chale wanawaza mganga na dawa ya kusugua; mama yangu mkubwa aliposikia aliuliza ni nani ameniroga mpaka nikachanjwe. Mimi nilienda kwa ajili ya kukhu, yaani nyanya yangu kwa Kiluhya.

Kukhu wangu, wa upande wa Butere, alikuwa na chale tumboni, safu za vipele vidogo vilivyosimama. Alipozeeka tulikuwa tunamsaidia kuoga, na mimi nilipenda kupitisha kidole juu yake kama mtu anayehesabu punje kwenye gunzi la mahindi. Alinisimulia zilivyofanywa: mwiba unachomekwa, ngozi inavutwa juu, wembe unakata kile kilichoinuka, kisha jivu linasuguliwa ili kovu litune. Wasichana walipanga foleni. Wembe ulikuwa mmoja kwa wote. Simlaumu mama aliyewachanja. Wakati ule nani alijua? Sisi tunajua.

Basi nilimwendea huyu kijana wa studio na maelezo ya chale za kukhu, maana picha yake ya tumbo nani angeipiga? Akachukua kalamu akachora begani kwangu moja kwa moja, safu tano za vikato vifupi vinavyopinda kufuata mfupa. Nilipogeuka kwenye kioo, koo lilikaza. Hakuwa ameiga tu. Ni kama aliwahi kumwona. Nikalipa kwa M-Pesa palepale bila kuomba apunguze hata shilingi.

Nikalala kifudifudi, uso umeelekea ukutani. Kulikuwa na joto, feni inazunguka polepole, yule dada wa mapokezi amekaa kwenye kiti cha pembeni na simu. Kijana akavaa glavu, nilisikia zikimgonga mkononi. Akanipaka spiriti, baridi. Kisha nikahisi mkato wa kwanza, mwembamba, kama mstari wa moto.

Na hapo ndipo nikagundua kwamba sikusikia pakiti ikichanwa.

Nieleze kwa nini sauti hiyo naijua. Baba yangu alikuwa na kisukari, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kusafishwa kidonda cha mguu. Kila mara, bila kukosa, muuguzi alikuwa anainua kile kipakiti kinachong'aa mbele ya macho yetu, anatuonyesha tarehe, kisha anakichana. Ina mlio wake, mkavu, mfupi. Hata baba alipoanza kutoona vizuri alikuwa anausikia ndipo anatulia. Wembe wa upasuaji unatoka humo, unatumika kwa mtu mmoja, unaenda kwenye boksi la manjano. Basi. Ni kitu cha sekunde tatu.

Nikasema kwa adabu kabisa, "Samahani kaka, huo wembe umeufungua saa ngapi?"

Mkono wake haukusimama. Akanijibu, "Madam, umekuja kuchanjwa ama umekuja kunikagua?"

Yule dada akacheka. Kicheko kidogo tu, cha puani, bila kuinua macho kwenye simu. Mimi nimelala pale, mgongo wazi, damu inanitiririka kwapani, na mtu anacheka. Nikauliza tena. Akasema, "Tulia, utaniharibia laini. Vitu vyetu vyote tunaviosha." Kuosha! Nilipogeuza shingo niliona kibakuli cha chuma chenye spiriti, na vishikio viwili vimelala ndani. Chuma kilichogusa damu hakitakaswi kwa kuloweshwa kwenye spiriti. Kinataka mashine ya mvuke, nyuzi 121, dakika zisizopungua 15. Na huo ni mpini, si wembe. Wembe hauoshwi ukarudishwa kwa mtu mwingine. Haurudishwi.

Mtaniuliza kwa nini sikuinuka. Safu ya kwanza ilikuwa tayari imekatwa. Kama wembe ulikuwa mbaya, ubaya ulikuwa umeshaingia, na sikutaka kubaki na nusu ya chale za kukhu. Nilikaa. Nililia bila sauti, na si kwa maumivu, kwa sababu maumivu nilikuwa nimejiandaa nayo.

Alipomaliza, nilitafuta kwa macho ile karatasi ya pakiti ya wembe: kwenye trei, sakafuni, kwenye ndoo ya takataka yenye tishu zenye damu. Sikuiona. Boksi la manjano pia sikuliona. Lazima niseme haki hapa: labda aliufungua kabla sijapanda ngazi. Labda alikuwa ameupanga vizuri na karatasi akaitupa kwenye ndoo ya nje. Inawezekana kabisa. Lakini kama ni hivyo, si angesema? "Nimeufungua sasa hivi, dada." Maneno machache, nami ningelala kama mtoto.

Usiku ule sikupata usingizi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado viambukize. Na ya HIV mnaijua. Dawa za kuzuia, PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema ni bora. Nilikuwa nahesabu saa kwa vidole kitandani. Asubuhi nikachukua tuktuk Kondele nikaenda hospitali. Daktari wa zamu, mama mtu mzima, alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia bega, akasema kitu ambacho sikutarajia: "Kazi ni nzuri. Sasa tushughulikie iliyobaki, mama." Hakunicheka. Nikapimwa, nikaanza vidonge vya siku 28, na chanjo ya homa ya ini, ambayo ni dozi tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi, ya mwisho miezi sita baada ya ile ya kwanza. Jinsi wimbi la kichefuchefu lilivyokuwa likinijia kila jioni baada ya ugali, sitamtakia mtu.

Fikirieni: siku 28 za vidonge kwa sababu mtu aliona swali langu ni dharau.

Kitu kingine, nikipitie haraka. Dada yangu alitogwa sikio akaota keloidi kubwa kama tunda la mpera. Nilimwambia huyo kijana mapema. Akasema, "Si keloidi ndiyo tunataka?" Hapana! Kovu lililotuna hubaki ndani ya mpaka wa kidonda. Keloidi haiheshimu mpaka, inaendelea kukua hata pale ambapo wembe haukufika, na bega ni mojawapo ya mahali inapopenda. Anayechanja watu weusi kwa pesa asipouliza hilo, anauliza nini?

Sasa ninyi mnaosoma mnangoja niseme msiende. Nilikuwa nimeandika hivyo hapo mwanzo, nikafuta.

Kwa sababu chale zimepona vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Wiki za kwanza zilikuwa taabu, joto la Kisumu linajulikana, jasho linaingia kwenye kidonda kama chumvi, na vigaga vinawasha mpaka unataka kujikuna kwa ukuta. Kisha zikaanza kuinuka, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokwenda kombo. Hakuna iliyovuka mpaka. Mzee mmoja wa Sudan Kusini, Mnuer, mwenye ile mistari sita ya kwenye paji la uso, alinisimamisha dukani akaangalia kwa makini sana, bila kugusa. Akaniuliza kama nilitikisika. Kwao kijana akitikisika mstari unapinda na uoga wake unasomwa usoni maisha yote. Nikamwambia sikutikisika. Akaitika kwa kichwa, na siku ile nilitembea nikiwa nimenyooka.

Na majibu yangu ya damu yalitoka safi, ya kwanza na ya kurudia. Kwa hiyo labda wembe ulikuwa mpya. Labda nimemwonea mtu mwenye mkono wa ajabu, na hapa nasema waziwazi kwamba sijaona mkono kama ule. Lakini majibu safi hayafuti kile kicheko. Aliyemchanja kukhu alikuwa na wembe mmoja, ndiyo, ila kukhu alisema yule mama alikuwa anamwita kila msichana kwa jina kabla ya kukata, anamwambia, "Sasa." Mimi niliambiwa nitulie nisiharibu laini.

Kama unaenda, nenda, lakini sema mlangoni, kabla hujavua shati: nataka kuona pakiti ikifunguliwa mbele yangu. Wakikasirika, shuka ngazi.

Juzi walinitumia ujumbe wakiomba picha ya bega lililopona, waiweke kwenye ukurasa wao. Picha ninayo, niliipiga jua likitua pale ufukweni Dunga, na imetoka nzuri. Bega la kulia bado liko tupu, na mkono ninaoutaka ulifanye ni uleule, siwezi kuwadanganya. Nikawajibu kwamba nitatuma, ila kwanza aniambie wembe wangu ulitoka wapi.

Tiki mbili za buluu zimetokea. Bado nangoja.