Kudumisha mlio kwenye gitaa la besi: ununue kifaa gani?

Kabla hujatoa hela, amua kwanza ni uzi gani utakaoupiga. Vifaa vya kushika mkononi vinavyofanya mlio usikatike vilibuniwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, lenye nyuzi nyembamba zilizokaribiana. Kwenye besi, uzi wa E ulio wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, nao ni mnene na mzito. Sumaku inayoendeshwa na betri ndogo hutoka jasho kuuamsha. Uzi wa G, wenye mitetemo kama 98, huitikia upesi zaidi, hasa ukipanda freti za juu.

Nafasi ya kwanza naipa EBow, kifaa cha sumaku cha kushika mkononi kilichoingia sokoni 1976. Ndani yake koili (waya uliozungushwa) moja husikiliza uzi na nyingine huusukuma kwa mdundo uleule, ndiyo maana noti haifi. Shida iko kwenye umbile: mifereji yake hukalia nyuzi mbili za jirani kwenye gitaa, lakini kwenye besi nyuzi zimeachana karibu mara mbili ya hapo. Itabidi uielekeze kwa mkono tu, bila pa kuegemea, na wiki za mwanzo utaudhika. Ukiisogeza juu ya pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, sauti hupanda ghafla, kwa hiyo punguza amplifaya kwanza. Toleo lake la Plus lina swichi ya hamoniki, yaani sauti za juu zilizomo ndani ya noti, na kwenye besi naipenda kuliko hali ya kawaida, kwa kuwa uzi mnene huitikia kwa urahisi zaidi sauti zake za juu.

Ya pili ni Freeze ya Electro-Harmonix. Najua, hii ni peda, kifaa cha kukanyaga kwa mguu, wala haigusi uzi, na wapo watakaosema nimechakachua orodha. Lakini kama unachotaka ni noti nzito ya chini iendelee kuunguruma huku unapiga nyingine juu yake, itakufaa kuliko sumaku yoyote. Unakanyaga, noti inabaki. Ila haina ule mwanzo wa polepole, kama wa fidla, wa uzi unaoamshwa taratibu.

Aeon ya TC Electronic ni ya tatu: wazo ni lilelile la EBow, kwa pesa kidogo. Inatosha kujaribia.

Gizmotron naiweka mwisho kwa sababu ya usumbufu, si kwa sababu ya sauti. Hii hutumia magurudumu yanayozungushwa na mota na kuusugua uzi kama upinde, hivyo hata uzi mnene huanza kulia. Lazima ifungwe juu ya besi na kurekebishwa kwa subira.

Sumaku haishiki nailoni tupu. Hakikisha nyuzi zako zina chuma. Nenda dukani na besi yako mwenyewe. Kwa kifaa cha mtumba, fungua sehemu ya betri: ukiona unga wa kijani kwenye vibanio, kiache hapohapo.