Anga la Bagamoyo: macheo na adhuhuri
Jua linapochomoza baharini Bagamoyo, upeo huwa mwekundu. Ifikapo saa sita mchana anga lile lile ni la buluu, ingawa mwanga haukubadilika. Kilichobadilika ni urefu wa njia. Adhuhuri, jua likiwa utosini, mwanga hupita tabaka fupi la hewa, na molekuli za naitrojeni na oksijeni huutawanya mwanga wa buluu, wenye mawimbi ya nanomita 450 hivi, takriban mara 6 kuliko mwekundu wa nanomita 700, ukatufikia kutoka kila upande. (Zambarau hutawanywa zaidi, ila macho yetu huiona kwa shida.) Wakati wa macheo hewa ya kupenya ni karibu mara 40, hivyo buluu huishia njiani, wekundu ukasalia. Mimi huchagua macheo, ijapokuwa mawingu ya masika huyaficha.